Tulivyokwenda Fins Kukionja Chama cha Makaravani

Nyie nyote mlioniuliza kama mtu mwenye karavani ana faida yoyote kuingia katika chama cha makaravani, kaeni vizuri nikuhadithieni. Jibu langu si la neno moja, na mie neno moja sijapata kulisema tangu nizaliwe. Mama anasema nilipozaliwa sikulia, nilianza kuhadithia safari ya kutoka tumboni.

Sababu ya kuondoka ilikuwa Mama mwenyewe, Bi Thuwaiba. Sie tunakaa Sib, na bahari iko pua na mdomo na nyumba yetu, samaki akipiga chafya tunamwambia yarhamuka-llah. Lakini magoti ya Mama yamechoka. Anatembelea kigari cha chuma cha kushikilia, na kigari kile kikifika mchangani kinazama kama mkate kwenye chai. Kubebwa hataki. "Mie si gunia la mbata," ndo jawabu lake kila siku. Basi miaka inapita, anaitizama bahari dirishani, na anasema alichobakisha kukitaka duniani ni kusimama kwa miguu yake mwenyewe maji yampige vifundoni. Hija keshakwenda, wajukuu anao, meno amenunua.

Kwa ajili hiyo nikanunua karavani, gari na nyumba kwa pamoja. Nimelitoa gereji moja Darsait, limezeeka, mlango wake ukiufunga Sib paka wa Matrah wanakimbia. Lakini lina kitanda kirefu nyuma, Mama anaweza kulala njia nzima, maana kiti cha gari ndogo kinamuua mgongo. Nilitaka nimpeleke kila ufuo wa Oman mpaka tupate mmoja ambao mchanga wake mgumu.

Mke wangu Raya, anayeniita kwa jina la mwanetu, akaniwekea sharti. "Baba Salim, Mama hatumpeleki nyikani na gari hilo peke yetu. Likizima huko nani atatuona, mbuzi? Tafuta watu wa kufatana nao. Ukikosa, muuzie Khalfan."

Khalfan ni kaka yake Raya, shemegi yangu, na tangu alione lile karavani hajalala. Anataka alitoboe dirisha ubavuni auze mishkaki. Kila akija kwetu anasimama karibu yake, anavuta pumzi, anafumba macho, utasema nyama ishaiva.

Nikatafuta watu, nikawapata. Wapo hapa Maskati wenye makaravani wamejikusanya, wanatoka pamoja kila msimu wa baridi. Wakanambia njoo safari moja ya kuonja, ukipenda utaingia, usipopenda salama salimini. Nikarudi nyumbani mbio.

"Mama, nataka kuingia chama!"

Mama akaweka kikombe cha kahawa chini. "Chama?"

"Chama, Mama."

"Nassor. Sie kilichotutoa Unguja ni nini? Si vyama? Asubuhi watu wanaulizana weye chama gani, jioni jirani hakuamkii. Nimekuja huku na kanga mbili, nkasema alhamdulillahi, neno hilo silisikii tena. Leo mwanangu mwenyewe!"

"Hiki hakina siasa, Mama. Cha makaravani tu."

"Vyote vinaanza hivyo hivyo," akasema. "Vinaanza na baiskeli, vinamaliza na siasa."

Raya akamlainisha. Akamwambia twende kuwatizama tu, wanakwenda Fins, na bahari ya Fins maji yake unaona mpaka chini. Kusikia bahari Mama akakubali, lakini akaapa kadi hashiki.

Siku ya kuondoka tumetoka Sib alfajiri, tumekwisha kusali, ukungu umelala juu ya barabara kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Tulipangiwa kukutana kituo cha petroli Azaiba. Tulipofika nikadhani bado nimelala. Makaravani yamejipanga safu nzima, meupe, kimya, taa zao zinapepesa ndani ya ukungu, utasema kundi la ng'ombe wamesimama wanaota. Nikapunguza mwendo nisije nikawaamsha.

Kiongozi wao akaja dirishani, Bwana Harith, mtu mrefu, filimbi shingoni. Watu wake walikuwa Tabora kabla ya kurudi huku, na Kiswahili chake ni cha bara.

"Shikamoo Bibi! Karibu sana kwenye klabu yetu."

"Marhaba. Kwenye nini?"

"Klabu, Bibi."

Mama akavuta buibui mpaka puani. "Nassor! Umenileta kilabuni? Alfajiri hii, nna udhu wangu, umenileta wanapokunywa pombe?"

Bwana Harith nusura aimeze filimbi. Akaona Kiswahili kinamtia matatani, akakimbilia Kiarabu. "La, la, Bibi! Nadi! Nadi!"

"Nadi!" Mama akamtizama juu mpaka chini. "Si huko wanakocheza mpira? Na magoti haya mtanipanga namba ngapi?"

Raya alicheka mpaka mtandio ukamvuka. Bwana Harith akashika kichwa. "Basi Bibi, ipe jina unalotaka wewe."

"Siipi jina. Ntaitizama kwanza."

Hapo Azaiba nikajifunza jambo la mwanzo kuhusu watu hawa: wanangojana. Mmoja kasahau mtungi wa gesi, kangojwa. Mmoja mkewe kasahau viatu, kangojwa. Mmoja alisahau mkewe, wallahi, karudi kumchukua, tukangoja. Mie mtu wa haraka nkasema moyoni, Khalfan tia mkaa.

Halafu tukaondoka. Jua lilipopasua ukungu tulikuwa tunapanda akaba baada ya Amrat, ile njia inayojikunja mlimani mpaka unaona nambari ya gari yako mwenyewe kwa mbele. Milima ya huko asubuhi haina rangi moja. Mwanzo myeusi, halafu zambarau, halafu kama mdalasini, halafu inageuka moshi, hujui kama ni mlima au ni kitu unachokikumbuka. Makaravani mbele yangu yanapanda taratibu, yanaingia kwenye kipande cha wingu, yanapotea moja moja, yanatokea upande wa pili yamelowa. Sauti hakuna. Nikatizama kwenye kioo, Mama kalala kitandani nyuma macho wazi, dirisha lote limejaa mawingu, na yeye kama anaelea.

"Mama, hujambo huko?"

"Usinsemeshe," akasema. "Niko safarini."

Baada ya Qurayat bahari ikaanza kututokea upande wa kushoto, kipande hapa, kipande pale, ya buluu mpaka macho yanauma. Mbuzi wamesimama juu ya majabali pembezoni kama wamening'inizwa kwa uzi.

Adhuhuri tukafika Fins. Nyie hamjaona mchanga. Mweupe, una vijiwe vidogo vya duara, na maji yako kimya yanang'aa, utasema mtu kamwaga kioo kikasahau kuganda. Nilivua miwani nikavaa, nikavua tena, nikaona ni pale pale.

Bwana Harith akapiga filimbi, kila karavani likaonyeshwa pahala pake. Halafu ikaja sheria. Takataka unarudi nazo. Jenereta haliwashwi watu wakilala. Kila mtu anapika kwake, hapana kusumbuana. Hii ya mwisho Mama alipoisikia akaiona dhambi kubwa, akamtuma Raya apite na mkate wa kumimina kila mlango. Wakakataa kwa adabu, wakakubali kwa adabu, na baada ya muda mfupi sheria ile ilikuwa imekufa na kuzikwa, watu wanapishana na masahani.

Na tena niseme kweli, mazungumzo yao yanachosha. Wanaume wale wanazungumza habari za betri kama kina mama wanavyozungumza habari za harusi. Betri ya nani kubwa, ya nani imekaa siku nyingi, ya nani imeoa ya nani. Mie nilikaa kitini nikasinzia katikati ya betri, nikaota niko Darsait nachaji moyo wangu.

Aliyeniamsha ni Raya. Jua lilikuwa limeanza kuinama. "Baba Salim, mtizame mamako."

Mama ametoka na kigari chake, amefika pale ugumu unapokwisha na mchanga unapoanza, amesimama. Maji yako mbele yake, lakini katikati kuna ule mchanga mweupe, laini, unaomeza. Kasogeza mguu mmoja, kigari kikazama. Akakirudisha. Akasimama tena. Hakutuita. Mchanga wa Fins, jamaa, ni ule ule wa Sib, nilimvusha milima yote ile kumleta mbele ya dirisha jengine tu.

Nikamwendea. "Mama, nikubebe? Hapa hapana anayekujua."

"Najijua mie," akasema.

Sasa wakati ule ule, kando yetu, karavani moja lilikuwa limetitia gurudumu la nyuma. Bwana Harith na wenzake wamepiga magoti, wanalisukumia chini vibao vyao, vile vipana vya plastiki vyenye meno, ambavyo kila mwenye karavani anabeba jozi yake ili gari ipande juu itoke mchangani. Gari ikanguruma, ikapanda vibao, ikatoka. Watu wakapiga makofi.

Mama aliwatizama mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mji wa Sur:

"Kumbe gari mnalitandikia busati. Mtu hamumtandikii."

Yeye alikuwa anawasuta tu. Lakini Bwana Harith aliganda na kibao mkononi. Akamtizama Mama, akaitizama bahari, akatizama kibao. Halafu akapiga filimbi, si ile ya sheria, ilikuwa ndefu, mpaka ndege wa pwani nzima wakaruka.

Wakaja wote. Kila mmoja anatoka mlangoni kwake na vibao vyake, vya rangi ya chungwa, kijani, buluu, vyengine vimepauka kwa jua. Wakavipanga kimoja mbele ya chengine kuelekea maji. Betri zote zimesahauliwa. Mama akaweka kigari juu ya kibao cha mwanzo, akakitikisa, akaona kimeshika.

"Mkono msinishike," akasema.

Akaanza kwenda. Tak, tak, kigari juu ya plastiki. Vibao havikufika majini, vikaisha njiani, basi wakawa wanavitoa nyuma yake wanakimbia kuvitandika mbele. Ile njia ikawa inatembea pamoja naye. Jua limekaa ubavuni, mchanga umegeuka rangi ya halwa, na Mama yuko katikati na buibui lake linapepea, haendi haraka, hasimami. Mie nilidhani bado nasinzia kitini. Nilijifinya, nikamfinya na Raya, akanipiga, nikajua ni kweli.

Katikati Mama akageuka akaona nyuma hakuna njia. "Enhee! Ndo mnanifukuza?"

"Hapana Bibi," Bwana Harith akajibu anahema, kibao begani. "Tunakupeleka. Kurudi tutakupangia upya."

Akafika. Kibao cha mwisho kilikuwa ndani ya maji. Mama akavua kandambili, akashuka, akasimama. Maji yakaja yakampiga vifundoni, yakarudi, yakaja tena. Hakusema kitu. Mama yangu! Mwanamke ambaye hata usingizini anagombana na muuza samaki. Wanaume wazima wakasimama wamekumbatia vibao vyao kama watoto wachanga. Akakaa hivyo mpaka kivuli chake kikawa kirefu kufika India.

Mwisho akasema, "Ya baridi."

Basi. Ndo hotuba yote.

Asubuhi ya pili tukafunga virago, tukashika njia ya kurudi. Mama kalala nyuma, miguu ina chumvi nyeupe vifundoni, hataki kuiosha. Kwenye akaba Raya akamgeukia. "Mama, nini rai yako? Tuingie au tusiingie?"

"Filimbi mbaya," akasema Mama. "Na wanachelewa. Na yule mrefu Kiswahili chake kinanipa wasiwasi." Akaigusa chumvi ya vifundoni. "Kila mmoja alikuja na vibao vyake, mmeona? Kila mmoja. Vyenu vilikuwa wapi?"

Vyetu havikuwapo. Sijapata hata kununua.

Kwa hivyo nyie mlioniuliza, nakwambieni ninavyojua. Mkiwa na haraka, msiingie, mtazeeka kituo cha petroli. Mkipenda kimya, subirini mpaka wamalize betri, nao hawamalizi. Ada watakutozeni na sheria watakusomeeni. Lakini peke yangu hata ningekuwa na jozi yangu, Mama angepiga hatua moja akasimama.

Tulipofika Sib, Khalfan alikuwa yuko mlangoni anatungojea, futikamba mkononi. Hata salamu hajamaliza kutoa keshaanza kupima ubavu wa karavani, hapa dirisha, hapa jiko. Mama akafungua pazia la nyuma akatoa kichwa.

"Khalfan mwanangu. Hiyo futi yako unajua kuitumia?"

"Najua, Mama."

"Haya, liache gari. Nenda Darsait kanipimie vibao viwili vya mchanga, vipana. Kuna mwenzetu mmoja kanambia jana safari ya pili anataka kumshusha babake majini, na mie siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu."