Injini ya Ndege ya Meneja

Nikiwaambia watu kwamba mimi na kaka yangu tuligombana kwa sababu ya ndege ya kuchezea, wanacheka. Wacheke tu. Hawakuwepo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa fundi mitambo katika shamba la chai kule Mufindi, si mbali na Igowole. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa seremala wa shamba hilohilo. Kazi alifundishwa misheni, na alikuwa na subira ambayo mimi sikujaliwa. Meneja wetu alikuwa Mwingereza aliyekuwa akitengeneza redio jeshini wakati wa vita. Wenzake walikuwa wakienda kuwinda. Yeye alitaka ndege isiyobeba mtu, ya kuiongoza kwa redio akiwa amesimama chini.

Watu waliiita ndege ndogo, lakini bawa moja tu lilinizidi urefu. Kaka alichonga mbavu za mabawa kwa mbao nyembamba, akazivalisha hariri, akazipaka dawa mpaka kitambaa kikakazika kama ngozi ya ngoma. Injini ilikuwa kazi yangu. Meneja aliitoa kwenye mashine ya kupulizia dawa miche, injini ya petroli ya kuchanganya na oili, akaniwekea mezani.

"Iingize puani," akasema.

Haikuwa rahisi hivyo. Uzito wake uliinamisha ndege yote mbele, ikabidi betri za redio tuzisogeze nyuma karibu na mkia. Ilitetemeka mno, nikakata vipande vya mpira wa tairi nikaviweka chini ya boliti. Kisha plagi ikaanza kuivuruga redio: injini ikiwaka, usukani wa mkia unacheza wenyewe bila mtu kugusa kitufe. Meneja ndiye aliyegundua dawa yake. Tuliuvisha waya wa plagi soksi ya nyuzi za shaba, redio ikatulia. Siku hiyo tulicheka wote watatu kama watoto. Sikatai, niliipenda kazi ile.

Mwishowe ulibaki ukuta wa pua, ule ubao mnene ambao injini inafungwa juu yake. Ule wa kwanza ulikuwa umepasuka, kaka akatengeneza mwingine na kuugandisha kwa gundi Jumamosi jioni. Ilikuwa majira ya ukungu, na kule Mufindi ukungu ukishuka hata nguo haikauki.

Jumapili, tumetoka kanisani, meneja akatuita. Alikuwa na wageni, wazungu wa mashamba ya jirani na wake zao, wameketi uwanjani na chai yao. Ndege ilikuwa juu ya meza, injini imeshafungwa. Alikuwa ameifunga mwenyewe asubuhi ile.

"Bwana, gundi bado mbichi," kaka akamwambia.

"Hairuki leo. Inawaka tu, wageni wasikie."

"Tusubiri hata kesho, bwana," nikasema mimi.

"Nimesema washeni."

Mimi nilishika mkia. Kaka akasimama mbele, akaizungusha propela kwa mkono, mara ya kwanza, mara ya pili. Ikashika. Ilinguruma vizuri, wageni wakapiga makofi, na meneja akafungulia mafuta zaidi kabla kaka hajaondoka pale mbele. Ukuta ukabanduka. Injini ikaruka na ubao wake, moja kwa moja kwenye mkono wa kaka.

Sitaeleza nilichokiona. Vidole viwili vya mkono wa kulia, basi. Kaka hakupiga kelele, alikaa chini kwenye majani kama mtu aliyechoka.

Meneja alikimbia. Nilidhani anamkimbilia kaka. Alimpita, akainama, akaiokota injini.

"Propela imekwisha," akasema.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. Nimeyabeba mpaka leo. Mama mmoja wa kizungu ndiye aliyekuja na kitambaa cha meza kumfunga kaka mkono. Niliomba gari tumpeleke hospitali Iringa. Meneja akasema aende kwanza kwa mganga wa zahanati ya shamba, dereva hayupo, Jumapili.

"Mimi ninaendesha," nikasema. "Nipe ufunguo, au niuchukue mwenyewe."

Sikuwahi kusema na mzungu hivyo. Alinitupia ufunguo. Niliendesha mpaka Iringa. Niliporudisha gari, nikaambiwa kazi yangu imekwisha.

Nikaenda Mbeya, nikapata gereji Iyunga, barabarani. Nilijua kaka atanifuata. Ningemtafutia kazi, hata kwa vidole vitatu angenishinda mimi kwa randa. Hakuja. Nilipanda lori mpaka Mufindi kumchukua, nikamkuta karakanani, mkono umepona vibaya, anachonga propela mpya. Ya ndege ileile!

"Kamwene," akanisalimu, kama tulioachana jana.

"Unamfanyia kazi huyu? Huyu aliyekuruka kama gogo?"

"Simfanyii yeye. Namalizia kazi yangu."

"Kaka, tazama mkono wako!"

"Mkono ni wangu," akasema. "Hasira ni zako. Usinivishe."

Niliondoka bila kunywa hata uji wa mke wake.

Baadaye ndege ililetwa Mbeya, irushwe uwanja wa ndege mbele ya wazungu. Sisi Waafrika tulisimama nyuma ya kamba. Kaka alikuwa upande wetu wa kamba, naye ndiye aliyeijenga. Injini ikawashwa. Ikakimbia kwenye majani, ikainuka, ikapinda kuelekea mlima Loleza, ikageuka, ikarudi juu ya vichwa vyetu. Kaka alikuwa akilia kwa furaha, amenishika bega kwa ule mkono.

Ilipotua, meneja alikuja mpaka kwenye kamba. Akampa kaka mkono mbele ya watu.

"Umefanya vizuri sana," akasema kwa Kiswahili.

Kaka aling'aa. Hapo ndipo moyo wangu ulipochemka.

"Muulize vidole vyako viko wapi," nikasema kwa sauti ambayo uwanja wote ulisikia.

Meneja akawa mwekundu, akauachia ule mkono, akageuka. Kaka alinitazama.

"Umeniharibia siku," akasema. "Siku moja tu niliyokuwa nayo."

Alirudi Mufindi kwa lori lililobeba ndege. Tulikuja kuongea tena kwenye msiba wa mama mkubwa, tukaongea habari za mahindi na watoto. Ndege hakuna aliyeitaja. Kaka sasa ni marehemu, na jamaa huniambia ningenyamaza siku ile, ingekuwa heri. Sioni hivyo. Mtu mmoja alipaswa kusema, na kaka asingesema kamwe.