Swichi Iliyofungwa Chumbani kwa Mama Mkwe

Mpaka leo sijui ni nani aliyeamua kwamba mein swichi ya nyumba ile ifungwe chumbani kwa mama mkwe wangu. Fundi alisema ni mama mkwe. Mama mkwe, kwa kupitia kinywa cha mke wangu, alisema ni fundi. Ninachojua ni kwamba kati ya kuta zote za nyumba, wakachagua ukuta mmoja ambao mimi, mtu pekee pale nyumbani aliyejua kidogo mambo ya umeme, sikuruhusiwa kuukaribia.

Mimi ni mtu wa Masasi, upande wa Chiungutwa. Nilioa Newala nikahamia ukweni, kama wanaume wengi wa kule wanavyofanya. Kwao, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Hamli pamoja, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anapisha kando mpaka mwenzake apite. Ukiwa na neno unamwambia mkeo, naye anampelekea mama yake, hata kama mama mwenyewe amekaa pale pale anakusikia. Na chumbani kwake huingii, hata nyumba ikiungua. Sikuwa na ugomvi na desturi hiyo. Heshima si utumwa. Tatizo ni kwamba umeme haukuwa umefundwa.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda mpaka kwetu kutafuta korosho. Kila mwenye lori na mizani akawa mnunuzi. Maduka ambayo zamani tulipanga foleni kugombea sabuni yakajaa redio za kaseti, pasi na balbu za kila aina. Mama mkwe alikuwa na shamba zuri upande wa Chilangala, akauza korosho zake vizuri, akaamua nyumba yake ipate taa. Akamwita fundi ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa kuziba ndoo zilizotoboka. Umeme alijifunza kwa kumtazama mwenzake akifunga kwa mtu mwingine. Akapitisha waya juu ya dari, akagongagonga misumari, taa ikawaka, akapigiwa vigelegele. Siku mbili tatu baadaye akaondoka kwenda Chiwata kununua korosho, maana msimu ule hata wagonjwa walikuwa wafanyabiashara.

Umeme wenyewe ulikuwa wa mashine ya mji. Iliwashwa jioni, ikazimwa watu wanapokwenda kulala. Mchana hapakuwa na kitu. Kwa hiyo watu wa kwetu walijifunza usalama wa ajabu sana: mtu akitaka kufungua soketi alitazama jua, hakutazama swichi. Jua likiwapo, waya ni kamba tu. Na kila nyumba iliacha taa ya barazani bila kuizima, ili jioni wajue umeme umekuja.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitoka Dar es Salaam akaniletea zawadi. Ilikuwa kalamu ya plastiki ya kupimia umeme, lakini si ile ya bisibisi tuliyoizoea ambayo lazima uguse waya. Hii unaisogeza tu karibu na waya, hugusi chochote, na kama umeme upo inawaka taa nyekundu kichwani na kulia kama kifaranga. Niliipenda sana. Nikaiweka mfukoni mwa shati kama karani.

Jioni moja mke wangu akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Mama anasema bati linauma."

"Bati gani?"

"La nyumba yake. Akichota maji jioni akishika lile bomba, mkono unafanya ganzi."

"Tangu lini?"

"Tangu taa zifungwe."

Nikasimama. Asiyejua Newala hatanielewa, kwa hiyo nieleze. Kwetu juu uwandani maji ni ya shida. Bibi zao waliteremka mabonde kuyafuata na kuyapandisha kichwani. Mwenye bati anavuna mvua: maji yanatiririka kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, yanashuka kwa bomba la bati mpaka kwenye kisima kilichosakafiwa uani. Bomba lile mama mkwe alilishika kila siku iendayo kwa Mungu, akiinama kuchota. Na muda wote huo hakusema, kwa sababu kumlalamikia mkwe habari za mwili kufa ganzi ni aibu.

Nilitoka na kalamu yangu. Kwanza nikaisogeza kwenye taa ya barazani, ikalia. Nikaisogeza kwenye ukuta mtupu, ikanyamaza. Nikazunguka nyuma nikaisogeza kwenye gata. Ikalia. Kwenye bomba, ikalia. Paa zima la mama mkwe wangu lilikuwa limebeba umeme. Kwa vyovyote msumari mmoja wa yule mziba ndoo ulikuwa umebana waya.

"Mwambie mama azime mein swichi sasa hivi," nikamwambia mke wangu.

Akaenda. Akarudi. "Mama anasema fundi alimkataza mtu yeyote kuigusa."

"Fundi huyo huyo ndiye aliyeliunganisha bati!"

"Nimesema. Anasema wewe si fundi."

Akaenda tena, akarudi tena. Mwisho tukapatana kwamba swichi ibaki, fundi atafutwe, na mtu yeyote asiguse bati wala bomba mpaka arudi. Maji yachotwe kwa ndoo na kamba kupitia mfuniko wa kisima. Mama mkwe akajibu, "Nimesikia." Nimeishi na watu wa pale miaka mingi. "Nimesikia" si "nimekubali." Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi dawa yenyewe sikuruhusiwa hata kuimimina kwa mkono wangu.

Nikatuma salamu Chiwata. Fundi akajibu kwamba atakuja korosho zikiisha. Korosho zikiisha! Nilimtukana siku nzima nikiwa peke yangu shambani.

Basi mawingu yakaanza kujikusanya. Kabla ya mvua ya kwanza gata lazima lisafishwe, la sivyo vumbi, majani na kinyesi cha ndege vyote vinaingia kisimani, na mwaka mzima mnakunywa hayo. Nilimwambia mke wangu kwamba nitalisafisha mimi, umeme ukishazimwa swichini. Nadhani ujumbe huo ulifika, ila ulifika kwa mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kungoja mtu amfanyie kazi yake.

Siku hiyo mchana nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yetu ndogo, ng'ambo ya uwanja, nakaza mpini wa jembe. Kwa desturi sikutazama upande wa mama mkwe. Nikamsikia akisema na mke wangu kwa furaha.

"Nimelipima kwa kalamu ya nkwe. Imenyamaza kimya! Bati limepona."

Mkono ukaenda mfukoni. Kalamu haikuwamo. Walikuwa wameichukua kwenye shati lililokuwa kambani.

Nikapaza sauti kwa mke wangu. "Mwambie mama kalamu hainyamazi kwa sababu bati limepona! Inanyamaza kwa sababu mashine imezimwa!"

"Si ndiyo salama hiyo?" mke wangu akajibu.

Na hapo ndipo kichwa kinaponiuma mpaka leo. Kalamu ile ukimya wake hauaminiki mpaka kwanza uisikie ikilia mahali unapojua umeme upo. Uisikie inalia, ndipo uende kupima, halafu urudi kuisikiliza tena, maana hata betri huisha. Mchana Newala hapakuwa na mahali pa kuisikia. Ungeweza kupima mji mzima ukaambiwa salama. Kumweleza hayo mtu ambaye huruhusiwi kumweleza, kupitia mtu ambaye anachambua mchicha, ni kazi ya kumzeesha binadamu.

Nikiwa bado natafuta maneno, mama mkwe akapindua kinu chini ya gata, akapanda juu yake na kipande cha gunia mkononi. Nami, nikitazama chini kwa heshima, jicho likapita barazani kwake.

Taa ilikuwa inawaka. Mchana kweupe.

Baadaye tulisikia kwamba kuna mgeni mkubwa alikuwa amepanda mjini, na mashine ikawashwa kwa ajili yake. Wakati ule sikujua lolote la mgeni. Nilijua tu kwamba mama mkwe wangu amesimama juu ya kinu, miguu mitupu, na paa lina umeme. Nikapiga kelele, "Usiguse!" nikamkimbilia.

Naye akafanya kile ambacho mama mkwe yeyote mwenye adabu angefanya akiona mkwe anamjia mbio. Akageuza uso ukutani, akavuta khanga akajifunika kichwa, kinu kikayumba, akanyoosha mkono juu kutafuta mahali pa kujishika. Mahali penyewe palikuwa gata. Ningeendelea kumkaribia, angezidi kunikimbia kwa kujishika huko huko. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikakata kona, nikapita mlangoni kwake, nikapita pazia, nikaingia chumbani. Sikutazama kitanda, sikutazama kitu. Nikaivuta swichi chini.

Nilipotoka, taa ya barazani ilikuwa imezimika, bila shaka, kwa sababu mimi ndiye niliyeizima. Mke wangu alikuwa jikoni, hakuiona ilipowaka. Mama mkwe alikuwa ameshika gata kwa mikono miwili, mzima wa afya, akilia kwa sauti ya kuita majirani.

"Ntu ameingia chumbani kwangu! Nkwe ameingia chumbani kwangu nchana!"

Jioni hiyo hiyo mjomba wa mke wangu akaniita barazani. Kwao mjomba ndiye mwenye kauli. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba," akaitika marahaba kwa shida. Nikaeleza kila kitu. Nikasema, "Ngojeni umeme uje, nitawaonyesha." Tukangoja. Giza likaingia. Umeme haukuja. Mafuta ya mashine yalikuwa yamemalizika mchana kwa ajili ya yule mgeni.

Mjomba akakohoa. "Basi wewe uliona taa ambayo hakuna mwingine aliyeiona."

"Niliiona, mjomba."

"Na kalamu yako yenyewe ilisema salama."

Nikatozwa jogoo. Jogoo wangu mwekundu, wa kuamsha kijiji. Akachinjwa, akaliwa, na wala sikupelekewa hata shingo. Usiku niligeukia ukuta nikamwambia mke wangu kwamba narudi Chiungutwa. Akasema nikale kwanza.

Kesho yake nilizungushia bomba lile matawi ya miiba kama mtu anayelinda mihogo, watu wakapita wakicheka. Jioni nikasikia mlio wa mashine kwa mbali. Mama mkwe, bila kumwuliza mtu, alikwishairudisha swichi juu ili apate taa. Taa ya barazani ikawaka. Mjomba alikuwepo, amekuja kuona kama nina haya ya kutosha.

Nilichukua kalamu nikaisogeza kwenye taa, ikalia. Nikaenda nyuma, wote wakanifuata, nikaisogeza kwenye gata, pale pale alipokuwa ameshika. Ikalia, na taa yake nyekundu ikamulika ndevu za mjomba. Nikarudi barazani nikaisogeza kwenye taa tena, ikalia. Mjomba akaiomba, akajaribu mwenyewe. Gata likalia. Bomba likalia. Akaisogeza kwenye kilemba chake kuhakikisha, ikanyamaza. Akairudisha kwangu, akaenda kukaa chini.

Mama mkwe alisimama amenipa mgongo, khanga kichwani. Kisha akasema, na hakumsemesha mke wangu, alisema na ukuta, lakini ukuta wa upande wangu.

"Jana, ulipopita kwenda kuizima, nkono wangu ulikuwa umefika wapi?"

Niliinua mkono wangu kuelekea gata, nikausimamisha. Kati ya vidole na bati ingepita kalamu ile, kwa ubavu. Alichungulia pembeni ya khanga, akapatazama pale kwa muda mrefu. Hasira zote za jogoo zikanitoka bila kuziaga.

"Izimwe," akasema. "Ilale imezimwa mpaka huyo nziba ndoo arudi."

Mke wangu akanyanyuka kwenda chumbani kwa mama yake, kama ilivyo haki yake. Mama mkwe akamshika nguo.

"Si wewe," akasema. "Yeye. Njia anaijua."

Mjomba akatazama chini. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia.