Soda Nyuma ya Majora

Mtaa mzima ulimwita Kipimo, maana fundi cherehani huyu alikupima kwa macho kabla hujaketi, na suruali ikakukaa sawasawa. Tumbo lake mwenyewe tu ndilo lililomshinda.

Binti yake wa miaka minne alishinda naye kibandani, chini ya meza ya kukatia, akimvisha mwanasesere mabaki ya vitambaa. Muuguzi wa kliniki alipomwangalia kinywa, alisema meno ya mbele yameanza kuoza, na kama vitu vitamu havikomi, yatang'olewa. Kipimo aliumia sana moyoni. Akapiga marufuku peremende, biskuti na soda nyumbani, akahubiri mpaka masikio ya mkewe yakachoka. Samaki mkunje angali mbichi, alirudia, utadhani mkewe ndiye samaki.

Yeye mwenyewe, jamani, alikuwa na chupa yake ya soda nyuma ya majora ya vitambaa. Kila akimaliza pindo, mkono ulijiendea huko wenyewe. Mtoto yuko chini anacheza, ataona nini?

Wiki zikapita, meno ya mtoto yakazidi kuuma. Mchana mmoja mama mtu alileta chakula, akamkuta mumewe mlangoni akimpima mteja. Ndani, binti alikuwa amepanda kwenye kigoda cha baba yake, futi shingoni, chaki sikioni, miguu ikining'inia mbali na pedeli. Alishona hewa kidogo, akashusha pumzi ndefu ya mtu mzima, akatia mkono nyuma ya majora, akatoa chupa na kupiga funda. Kisha akamnong'oneza mwanasesere:

"Kidogo tu. Mama asijue."

Mteja alikohoa, akatazama barabarani. Kipimo alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mchuma janga hula na wa kwao, baba," mkewe alisema taratibu, akaweka chakula mezani.

Kesho yake mtungi wa maji ulikaa juu ya meza, mbele ya kila mtu. Nguo za wateja, baba na binti wakawa wanazipeleka wenyewe kwa miguu, binti akibeba vifungo. Siku za mwanzo Kipimo alinuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa, lakini hakurudi nyuma.

Muuguzi alipowaona tena mama na binti, alisema meno yatabaki. Mama akapita naye kibandani kumwambia mumewe, na kabla hajamaliza, binti alishapanda kigodani, futi shingoni, akinywa maji. Alikunja uso, akamgeukia mwanasesere.

"Hayana utamu haya, mwanangu. Tutazoea tu."

Kipimo alicheka mpaka uzi ukakatika.