Nimepokea

Sisi tuliokulia jirani na kiwanda cha mablanketi, Temeke, enzi zetu hatukuhitaji saa. King'ora kikilia alfajiri, chai inatengwa. Kikilia jioni, unaacha gololi hapo hapo na kukimbilia nyumbani kuoga kabla baba hajatokea kwenye kona. Mpira wetu ulisokotwa kwa mabaki ya nyuzi za kiwandani, na ukilowa mvua ulikuwa mzito mpaka golikipa anaukimbia.

Baba alikuwa msimamizi wa shifti, na kazi yake kubwa ilikuwa kuamsha wanaosinzia. Alirudi nyumbani na manyoya ya blanketi kichwani na kwenye nyusi, mdogo wangu akawa anamwamkia mara mbili kwa kudhani babu naye amekuja. Alikuwa na sharti moja: haondoki kazini mpaka mwenzake wa shifti inayofuata aseme, "Nimepokea." Siku moja mwenzake alinogewa na harusi huko Buguruni, baba akabaki kiwandani mpaka kesho yake, nasi tukampelekea ugali na dagaa getini.

Nyumbani tuliambukizwa. Ukiachiwa mtoto mchanga unakabidhiwa rasmi: mzima, ameshiba, halii. Usipojibu "Nimepokea," anayekuachia habandui mguu. Mtoto akijikojolea, tulibishana amekojoa shifti ya nani.

Kiwanda kikafa, kikaota magugu, na sasa kimefufuliwa. Juu makazi, chini ofisi za kukodi, katikati mgahawa unaouza mihogo ya kukaanga juu ya kipande cha ubao, kana kwamba sahani zimeisha mjini. Nyumba yetu ya zamani ilipoanza kubomoka, mimi na ndugu zangu tukampangia baba chumba pale. Tulidhani tumempa raha. Kumbe chumba chenyewe ndipo zilipokuwa mashine zake.

Baba hakulala. Alikaa kitini, mgongo wima, kofia kichwani, akisema hapa ni kazini, watu aliwafokea kwa kusinzia hapa hapa. Alfajiri aliwagongea wapangaji milango kuwauliza mbona hawajaripoti. Mchana alishuka kukagua. Akamkuta kijana amejilaza kwenye kochi, kompyuta tumboni, akamgusa bega.

"Shikamoo, mzee. Mie hapa nipo kazini."

"Umelala chali."

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee."

Alirudi juu ameduwaa: walioko kazini wamelala, na yeye aliye nyumbani kwake anakesha. Akakonda. Binti anayesimamia jengo alinipigia simu kunieleza, kwa heshima zote, kwamba wapangaji wamechoka kuamshwa. Mimi sikuwaza wapangaji. Niliogopa baba atanifia pale kitini.

Jioni ile nilimkuta macho mekundu. Nikamuuliza anangoja nini hasa.

"Hajaja wa kunipokea," akasema.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kiwanda kilifungwa yeye akiwa kwenye shifti. Walitolewa nje, geti likapigwa kufuli, na hakuna aliyepokea.

Nikasimama wima mbele yake, nikamwomba anikabidhi. Akanitajia mashine moja moja: ile inakata nyuzi, hii inataka mafuta, ya pembeni isiachwe peke yake. Alikuwa akinyooshea kidole kabati, jiko la gesi na friji.

"Nimepokea, baba."

Akavua kofia, akajitupa kitandani na viatu vyake, akakoroma. Nililia huku nacheka, nikamvua viatu.

Tangu hapo natoka kwangu Tabata kila jioni kwenda kupokea kiwanda. Wanangu wananiona nimechanganyikiwa. Labda. Lakini sisi tulikua tukijua kwamba ukiondoka, kuna mtu amebaki na ulichokuwa nacho, na amekwambia kwa mdomo wake.

Juzi, nikielekea kulala, nilimwambia binti yangu kwamba namkabidhi nyumba: mlango wa nyuma umefungwa, maziwa yamechemshwa. Hakuinua macho kwenye simu.

"Poa," akasema.

Nikarudi sebuleni, nikakaa kitini.