Mkunga Aliyekuwa Hajajua Breki

Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, nilimkuta mkunga wetu wa Katesh akijifunza pikipiki mpya kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Mwalimu wake, dereva wa trekta, alikimbia pembeni akipiga kelele, "Breki, mama! Breki!"

Mzee mmoja mfugaji akafika anahema.

Pikipiki ilipozimika, mkunga akamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mke wa mwanangu ana uchungu tangu asubuhi. Twende na hiyo."

Mkunga akatikisa kichwa. "Kuondoka najua, baba. Kusimama bado."

Akashuka, akamwachia mwalimu usukani, akapanda nyuma na mkoba wake.

Mtoto alizaliwa salama. Nimeona wengi wakikabidhiwa usukani. Huyo ndiye pekee niliyemsikia akikiri kwamba kusimama hajui.