Kona Saba za Barabara ya Machimbo

Nimechoka kuambiwa kwamba magari ya zamani ndiyo yalikuwa magari. Baba ameyasema hayo miaka arobaini, akiwa chini ya gari, akiwa juu ya gari, hata akiwa na nati mdomoni. Kwa hiyo siku aliposema kinyume chake, nilipaswa kufurahi.

Mteja wake wa siku nyingi, daktari wa meno, alileta gereji gari lake la mbio la viti viwili, lenye miaka thelathini na miwili. Nyuma yake muuzaji alileta jipya la aina hiyohiyo, la kujaribu. Daktari alitaka kujua kama chasisi ile ya zamani bado inafua dafu mbele ya hii mpya.

"Neno lako ndilo la mwisho, fundi," alisema. "Ukisema limechoka, nachukua jipya, na hili wiki hii linakatwa vipuri."

Baba hapimi gari kwa kompyuta. Hupanda nalo barabara ya machimbo yaliyofungwa, kona saba mpaka kwenye tangi la maji, na kurudi. Mimi hushika saa getini. Akishuka hutoa sentensi moja, na watu huiamini kuliko cheti.

Alianza na jipya: dakika nne na sekunde kumi. Alirudi akinung'unika kwamba lina skrini kubwa kuliko ya sebuleni kwetu. Kisha akapanda na la daktari. Dakika nne na sekunde arobaini na moja.

"Chasisi imechoka," alisema akiegemea mlango. "Kwenye kona linazubaa. Chukua tu jipya, daktari."

Daktari alikifuta kioo cha pembeni kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi. Roho iliniuma, maana chasisi ile niliikagua mwenyewe juzi: bushi mpya, hakuna ufa hata wa kuingia ukucha. Tena kuna jambo nililisikia nikiwa getini. Kwa kawaida, kabla ya kila kona injini hupaza sauti Baba akirudisha gia. Safari hii iliguna mlima mzima kwenye gia ya nne. Goti lake la kushoto, lile ambalo nyumbani hashuki nalo ngazi bila kushika ukuta, lilikuwa limekataa kukanyaga klachi. Jipya halina klachi.

Ningeweza kunyamaza. Miaka sita sasa nakaza nati alizosahau na kumwacha aamini amezikaza mwenyewe. Kazi hiyo inachosha kuliko kubeba injini.

"Baba, naomba funguo."

"Za nini? Si nimeshapima?"

"Nipime na mimi."

Alinirushia funguo.

Sikufanya mbwembwe. Klachi ilikuwa nzito kweli, na kufikia kona ya nne paja liliwaka moto. Lakini gari liling'ang'ania lami, na usukani ukaniambia kila kokoto nililolikanyaga. Kwenye mnyooko jipya lingeniacha. Kwenye kona, sidhani.

Nilirudi kwa dakika nne na sekunde kumi na nne.

Daktari aliitazama saa mara mbili. "Sasa limechoka au halijachoka? Mbona mnanichanganya?"

Uongo nilikuwa nao tayari: kwamba mara ya kwanza matairi yalikuwa hayajapata joto. Nilifungua mdomo niuseme, Baba akaniwahi.

"Gari ni zima," alisema. "Nilikupa jibu la goti langu, daktari. Unisamehe." Akavuta kiti, akakaa taratibu, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. "Kuanzia leo anayepima ni binti yangu. Mimi nitashika saa."

Miaka sita nilikuwa nikiyangoja maneno hayo. Yalipokuja, nilitamani ningekuwa nimerudi kwa dakika tano.