Neno Moja Katika Barua ya Hanad

Mwaka wa 2000, ukame ulipokuwa umekausha nyasi kutoka Kitengela mpaka Namanga, Phylis Nthenya alikuwa na taipureta kwenye kibanda cha mabati karibu na soko la mifugo la Kitengela. Wengi walimjua kama Mama Mbaluka tu. Alikuwa amehamia huko kutoka Machakos na mumewe, Wathome, aliyefanya kazi kiwandani Athi River. Kwa miaka sita aliwaandikia watu barua za Kiingereza. Mteja alisema kwa Kiswahili, Phylis akayaandika maneno yake kwenye daftari, kisha akayapiga chapa kwa Kiingereza.

Jumatatu moja asubuhi alikuja Hanad, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye kwa kawaida hakuwa na subira ya kukaa. Siku hiyo alikaa. Jana yake polisi walikuwa wamesimamisha lori alilokodi kuleta ng'ombe wake kumi na mmoja kutoka Bissil. Dereva aliruka chini akatokomea porini. Kumbe lori lenyewe lilikuwa limeibwa Nairobi. Polisi walizuia lori na mifugo, wakamwambia Hanad alete maelezo yake kwa maandishi.

"Andika hivi, Mama Mbaluka," alisema. "Nilikuwa na ng'ombe zangu kwa lori yenye iliibiwa, lakini mimi sikujua."

Phylis akapiga chapa: *I was with my cows in the lorry which were stolen, but I did not know.* Alipofika kwa *were* alisita kidogo. Shuleni alifundishwa kwamba kitenzi hufuata neno kuu la sentensi, na neno kuu hapa, alivyoona, lilikuwa ng'ombe, nao walikuwa wengi. Akaendelea. Hanad, ambaye hakusoma Kiingereza, akaweka kidole gumba chini ya karatasi, akaondoka nayo.

Alhamisi mke wake, Faysa, alisimama mlangoni pa kibanda. Hakuingia.

"Wamemfunga," alisema. "Wanasema amekubali mwenyewe ng'ombe ni za wizi. Kuna mzee huko Bissil alipoteza zake, na sasa wanasema ni hizo. Wanasema iko kwa barua. Barua yako."

Phylis alimwambia lazima kuna makosa mahali. Faysa akaenda zake. Phylis alitoa nakala ya kaboni kwenye droo, akaisoma mara nne. Hakuwa na hakika kosa liko wapi, lakini alijua ni lake.

Mchana huo alifunga kibanda akampelekea nakala hiyo Peterson, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari aliyeishi mtaa wa nyuma. Peterson aliisoma akiwa amesimama.

"Ni nani alisema *were*?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kwa Kiswahili ungesikia tofauti mara moja. *Lori yenye iliibiwa. Ng'ombe zenye ziliibiwa.* Hiyo 'yenye' au 'zenye' inabeba alama ya neno lake, hata ukiiweka mbali. *Which* haina alama. Msomaji huiunganisha na kitu kilicho karibu nayo, na hapa karibu ni lori. Lakini lori ni moja, na wewe umeweka *were*. Kwa hivyo imeruka lori ikaenda kushika ng'ombe."

"Na ningeweka *was*?"

"Ingebaki kwa lori. Ungekuwa umeandika alichosema."

Phylis alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya mwalimu. Peterson alimrudishia karatasi, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu mwingine angenyamaza. Barua ilikuwa na kidole cha Hanad. Jina la mpiga chapa halikuwemo.

Wathome alisema vivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Walikuwa na watoto wawili. Polisi wangeuliza kwa nini anabadilisha maneno sasa, na nani amemtuma. "Watasema umehongwa. Watasema wewe ni mmoja wa hao wezi," alimwambia. "Ukiingia huko ndani, mimi nitawaambia nini watoto?"

Siku zilizofuata, kila gari lililopunguza mwendo karibu na kibanda lilimfanya aache kupiga chapa. Mteja alipomletea barua yenye maneno mengi, vidole vilikataa. Aliota Hanad anamwuliza swali kwa Kiingereza na yeye haelewi. Aliposikia kwamba kesi ingesikizwa Kajiado Jumanne, alitia daftari kwenye mkoba bila kumwambia mumewe, akaenda.

Kortini alikaa nyuma. Hanad alikuwa amekonda. Faysa alimwona Phylis, akageuza uso. Mwendesha mashtaka aliposoma ile sentensi kwa sauti, Phylis alisimama kabla hajafikiria.

"Mheshimiwa, hiyo niliandika mimi. Niliandika vibaya."

Askari mmoja alimsogelea. Phylis akashika benchi la mbele. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, aliinua mkono, askari akasimama. Kisha hakimu akaamuru Phylis aapishwe.

Alipoulizwa ushahidi wake, Phylis alitoa daftari. Alisoma maneno ya Hanad kama alivyoyachukua, kisha akaeleza kuhusu *was* na *were*, akirudiarudia, akijikwaa. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto.

Mwendesha mashtaka alitabasamu. "Mheshimiwa, huku kwetu kila mtu anasema 'yenye'. Mtu atasema yenye kwa ng'ombe, yenye kwa gari, yenye kwa kila kitu. Hicho Kiswahili hakithibitishi chochote."

Ilikuwa kweli, yeye mwenyewe alizungumza hivyo. Sasa wangemgeukia yeye.

Hakimu hakumjibu mwendesha mashtaka. Alimgeukia Hanad kizimbani, akamwuliza kwa Kiswahili, bila haraka, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani: "Ng'ombe gani ulinunua Bissil?"

"Ni hizo zenye zilikuwa kwa lori," alisema Hanad.

"Lori gani?"

"Ile yenye ilishikwa na polisi."

"Zenye kwa ng'ombe, yenye kwa lori," alisema hakimu, akiandika. Kisha akaagiza muuzaji wa Bissil atafutwe, aletwe na kibali cha soko, na kesi irudi baada ya wiki moja. Phylis aliambiwa asiende mbali na nyumbani.

Wiki hiyo ndiyo iliyommaliza nguvu. Wathome hakuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu alimletea chai kitandani bila neno. Muuzaji alipatikana, kibali kikapatikana, na yule mzee wa Bissil, alipopelekwa kuwaona ng'ombe, alisema alama za masikio si zake. Hanad aliachiliwa. Ng'ombe watatu walikuwa wamekufa kwa njaa wakisubiri. Hakuna aliyemshtaki Phylis, na hakuna aliyemwambia kwamba hatashtakiwa.

Faysa alikuja kibandani mara moja tu. "Ulisema ukweli," alisema. "Lakini nilikuwa nimeanza kuwaambia watoto baba yao harudi." Phylis alisema pole.

Hakuacha kazi. Ila tangu hapo alikata sentensi vipande. *I had cows. They were in a lorry. The lorry was stolen.* Wateja wengine walilalamika kwamba barua zake zinasomeka kama za mtoto wa darasa la nne, wakahamia kwa mpiga chapa mwingine aliyekuwa amenunua kompyuta.

Mwaka wa 2003 Hanad mwenyewe alirudi, akitaka barua ya kuomba kiwanja. Phylis alimwomba aende kwa mwingine. Hanad alikaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kusema. Ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu Phylis alimrudishia kila mstari kwa Kiswahili na kumwuliza kama ndivyo alivyosema.

"Ndivyo," alisema Hanad kila mara.

Alipoweka kidole gumba na kuondoka, Phylis alifunga taipureta, akamfuata mpaka barabarani, akamwomba asimame waisome tena.